Nilisifu sufuria ya mama bila kuangalia saa



Mwaka uliopita niliandika hapa hapa kifungu kimoja juu ya sufuria ya mama. Watu walikipenda. Wengine walinitumia picha za sufuria za kwao, nyeusi kwa chini, zenye mikono miwili, na wakaniambia wametoa machozi. Nilikuwa nimesema kwamba hakuna resto hata moja ya Bukavu yenye inaweza kushindana na maharagi ya kwetu ya jioni, na kwamba mtu mwenye hajakula bugali ya moto na sambaza nyumbani saa mbili ya usiku, mvua ikipiga bati, huyo hajakula bado.

Leo narudi kukosoa kile kifungu. Si kwamba nilidanganya. Maharagi ni mazuri, na mvua inapiga bati kweli. Lakini kukosoa ni kuuliza kitu gani mwandishi ameacha nje, na mimi niliacha kitu kikubwa. Niliacha saa.

Angalieni vizuri vifungu vya namna ile, si changu tu. Vinafanana sana. Mwandishi ametoka chuo au yuko mbali na kwao. Ana njaa, anakumbuka. Kuko moshi, kuko mwiko, kuko mkono wa mama. Halafu chakula kinafika kwa meza kikiwa tayari, sawa vile mvua inashuka toka mbinguni. Hakuna hata kimoja chenye kinasema sufuria iliwekwa kwa mbabula saa ngapi, na ni nani alikaa pembeni yake mpaka maharagi yakaiva. Sisi wenye tulifundishwa kwa oditwari kwamba kila kazi ya utafiti inakuwa na mbinu zake, tukifika kwa chakula tunaruka sura ya mbinu na tunaenda moja kwa moja kwa matokeo.

Nianze na sifa, kwa sababu mwenye kukosoa anapashwa kuanza na haki.

Sufuria ya kwetu ni ile nzito ya kuyeyusha. Wanaijua wote: mafundi wanakusanya alumini ya zamani, vipande vya motere, masufuria yaliyotoboka, wanayeyusha, wanamwaga ndani ya udongo, na sufuria inatoka. Ni kazi ya mikono ya hapa kwetu, na mimi naheshimu mtu mwenye anaweza kutengeneza kitu cha kutumika miaka 20 kutoka kwa takataka. Kwa sababu ni nene, joto linaenea polepole, na maharagi hayaungui haraka kwa chini. Ukiitoa kwa moto, inabaki moto muda mrefu; baba akichelewa, anakuta chakula hakijapoa. Haiogopi mchanga wala majivu wakati wa kuisugua. Mfuniko ukipotea, sahani inatosha. Hakuna sufuria ya duka, zile nyepesi zenye maua, yenye inaweza kuvumilia maisha ya namna ile. Ile ya maua tuliyopewa kwa siku ya diploma yangu ilipinda mwezi wa pili.

Hapo sifa zinaishia. Sasa saa.

Mdogo wangu wa kike alianguka Exetat mwaka uliopita. Nyumbani tulisema vyenye watu wanasema: hakusoma, alikuwa na telefone, wasichana wa leo. Mimi pia nilisema. Nilisema hata kwa sauti, nikiwa nimekaa kwa kiti, nikingoja sahani. Yeye alikuwa nje anapuliza makala.

Ilikuwa mwezi wa kumi, masomo yalikuwa yameanza tena, njo nilirudi nyumbani mapema siku moja, sababu mtu wa kunipatia kazi hakuja. Saa kumi yeye alifika toka masomo. Saa kumi na nusu makala yalikuwa yamewaka na sufuria iko juu. Akaleta kitabu cha kemia, akakaa kwa kibao, akafungua. Akasoma mustari mmoja, akaenda kusukuma makala. Akarudi, akasoma, akaenda kuongeza maji. Mtoto wa jirani akapita mbio, akasimama kumfukuza asianguke kwa moto. Saa kumi na mbili na nusu giza likaingia, na umeme haukuwepo. Kitabu kikafungwa. Saa moja na nusu akasema, «Yaya, maharagi imeiva.» Mimi nilikuwa ndani, nikiwa na taa ya telefone yangu, naandika barua ya kuomba kazi.

Toka siku ile nilianza kuandika saa kwa daftari. Maharagi tunakula jioni nne kwa wiki. Kila jioni ni karibu masaa matatu. Hiyo ni masaa 12 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 36 za masomo: masaa 432. Masomo mengi yenye tulifuata kwa chuo hayakufikia masaa hayo. Mdogo wangu alifuata somo kubwa la maharagi bila kupewa hata pointi moja, na wakati wa Exetat tukamuuliza masaa yake yalienda wapi.

Mtu atasema: maharagi ni maharagi, pote yanachelewa kuiva. Pote, lakini si sawa sawa. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari. Kwa kimo hicho maji yanachemka kwa digri 95 hivi, hayafiki 100. Unaweza kuongeza makala mpaka sufuria iruke. Maji ya kuchemka hayatapita pale. Moto mwingi unakausha maji tu, hauivishi haraka. Kule Uvira, chini kwa ziwa Tanganyika, maji yanachemka kwa joto la juu kidogo, na maharagi yanangoja kidogo kuliko kwetu. Kwa hiyo wakati tunamwambia msichana «ongeza moto tule haraka», tunamuomba kitu chenye mlima umekataa. Hii tulifundishwa wote kwa fizika. Tuliandika kwa mtihani, tukapata pointi, tukarudi nyumbani kula.

Tena kuko makala. Masaa matatu ya moto kila jioni ni guni lenye linaisha mbele ya mwezi kuisha. Yale makala yalikuwa miti, na sehemu ya miti ile inatoka ndani ya pori la Kahuzi-Biega, lenye sisi sote tunalilia kwa maneno wakati wa kongamano za mazingira. Wakati wa mvua mbabula inaingia ndani ya nyumba, na mlango unafungwa sababu ya baridi. Hewa yenye makala inatoa haina harufu wala rangi, na inaua. Wengi wetu tunajua nyumba moja kwa mtaa yenye walikuta watu asubuhi hawaamki. Katika kifungu changu niliandika kwamba moshi ule ni «harufu ya utoto wangu». Nilipokisoma tena nilisikia haya.

Sasa nafika kwa kitu chenye kilinipa shida zaidi, sababu kinagusa sufuria yenyewe.

Watafiti walianza kupima sufuria za kuyeyusha za Cameroon, na kazi yao ilitoka mwaka 2014. Mwaka 2017 wakatoa nyingine, juu ya vyombo 42 kutoka nchi 10. Waliweka ndani maji yenye siki kidogo, wakachemsha, halafu wakapima kitu gani kimeingia ndani ya maji. Karibu theluthi moja ya vyombo ilitoa risasi ya kuhesabika. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali nzito, ile ya batri za magari. Alumini pia ilitoka, nyingi. Sababu yake mtu anaweza kuielewa bila kuwa na diploma: fundi anayeyusha chenye amepata, na ndani ya vipande vya motere na vya mashini kunakuwa metali nyingine. Yeye hana njia ya kuzitenganisha. Na risasi, Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kipimo kidogo chenye kinajulikana kuwa hakina madhara kwa mtoto. Inagusa akili yake, inagusa namna anashika masomo.

Sasa tazameni chakula chetu: tomate ndani, mara nyingine ndimu kwa samaki, na masaa matatu ya moto. Uchachu na muda mrefu ndivyo vinavuta metali kutoka kwa sufuria. Sufuria ya kwetu haijapimwa na mtu, kwa hiyo siwezi kuisingizia. Lakini mtu mwenye ameonywa hawezi tena kuandika sifa kama vile hajasikia.

Nilipoleta maneno haya nyumbani, na nilipoyaongea na wenzangu wa promosioni, nilipata majibu matatu. Nataka kuyajibu moja moja, sababu ni majibu yenye nyinyi pia mtaniandikia.

La kwanza: «Unataka kuharibu utamaduni wetu.» Haya, tuangalie utamaduni ule kwa sahani. Maharagi yalitoka Amerika. Muhogo ulitoka Amerika, waliuleta Wareno. Mahindi, tomate, pilipili: Amerika. Sambaza, wenye tunajivunia kama vile walizaliwa pamoja na babu zetu, walitolewa ziwa Tanganyika na kumwagwa ndani ya ziwa Kivu karibu mwaka 1959; kuko wazee hapa Bukavu wenye wamezaliwa mbele ya sambaza. Na sufuria ya alumini yenyewe ilifukuza nyungu ya udongo yenye bibi zetu walipikia. Kumbe mababu hawakuogopa kubadilisha. Walionja, walipima, walichukua chenye kinasaidia. Utamaduni wao ulikuwa ule wa kuchagua. Sisi tumebakia na wa kulinda tu, na tunaulinda tukiwa tumekaa.

La pili: «Chakula cha kokoti hakina ladha.» Hili ni jibu la kweli kidogo, na nitalirudilia.

La tatu halisemwi kwa sauti, lakini njo lenye nguvu: kupika ni kazi ya wasichana. Kwa kijana mwenye lisanse halisemwi hivyo. Anasema, «Mimi sijui kupika,» na anacheka, kama vile mtu anasema hajui Kichina. Lakini ameishi ndani ya ile nyumba miaka 24. Tunajua kuandika memware ya kurasa 80 juu ya jinsia na maendeleo, tena kwa mifano ya nchi za mbali, na hatujui chumvi ya nyumbani inakaa wapi. Nasema «tunajua» sababu memware ile ilikuwa yangu.

Basi tulifanya nini?

Kitu cha kwanza hakikuomba hata franka moja: kulowesha maharagi usiku. Unayaweka ndani ya maji kabla ya kulala, asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mengine. Jioni yanaiva mbele ya muda wa zamani. Mama alijua hii, alisema mama yake alikuwa anafanya hivyo kule mashambani. Tuliiacha lini? Hakuna mwenye anakumbuka. Nadhani tuliiacha siku yenye masaa ya msichana yalikuwa bure.

Cha pili ni kokoti ya inoksi. Niliilipa kwa pesa ya kazi ndogo ya kuandikisha watu, na ilikula karibu pesa yote. Ndani ya kokoti mvuke unafungwa, joto linapanda karibu na digri 120, na mlima unashindwa. Maharagi yaliyoloweshwa yanaiva chini ya nusu saa. Siku ya kwanza mama alisimama nje kwa mlango. «Ile kitu itapasuka, itaua watoto,» alisema. Ilipoanza kupiga filimbi akaomba Mungu kwa sauti. «Tangu lini maharagi inapikwa na kelele?» Nilimuonyesha namna ya kuondoa kwa moto, kungoja mvuke uishe wote, halafu tu kufungua. Hii si mchezo: mwenye anafungua mbele ya mvuke kuisha anaungua vibaya. Wiki ya tatu alikuwa anaifundisha kwa jirani.

Kama ninakosoa sufuria, nikosoe kokoti pia. Mpira wake ukichoka, haifungi, na mpira ule si kila duka linao. Ni ndogo: wageni wakifika, haitoshi. Kwa sombe mimi siitaki. Sombe inaomba kuchemka wazi, polepole, ili ile sumu ya majani ya muhogo itoke na hewa, na ili mawese yaingie vizuri. Na ladha? Maharagi ya kokoti yanaiva yote sawa, lakini supu inabaki nyepesi. Kwa sufuria nzito supu inakauka polepole, inakuwa nzito, inashika bugali. Ile ni tofauti ya kweli. Tulipata njia: ukisha kufungua, unaacha kokoti bila mfuniko kwa makala ya mwisho dakika 15, unaponda maharagi machache na mwiko. Si sawa kabisa. Naipatia 8 kwa 10, na zile pointi 2 nakubali kuzilipa.

Cha tatu ni mimi. Siku ya pili na siku ya ine jioni napika mimi. Mara ya kwanza niliweka chumvi mara mbili, baba akakula bila kusema neno, akakunywa maji mengi. Rafiki mmoja alinikuta na mwiko kwa mkono, akanipiga picha, akaituma kwa grupe yetu ya promosioni. Walicheka siku mbili. Mdogo wangu siku zile anakaa ndani, mlango umefungwa, na haitwi. Hiyo mlango kufungwa ilikuwa ngumu kwa nyumba kuliko kununua kokoti. Shangazi alipita akauliza, «Na msichana iko wapi?» Mama akamjibu, «Iko nasoma.» Akarudi kwa kazi yake. Nilisikia nikiwa nje, makala machoni.

Na sufuria nzito? Nilitaka kuitoa kwa nyumba. Nilimwambia mama vyenye watafiti walipima, na nikamuomba turudishe kwa mafundi. Alinyamaza. Halafu akaniambia kitu chenye sikukijua. Juni 2004, wakati Bukavu ilitekwa na masasi yalikuwa yanalia kwa mitaa, tulikimbia nyumba. Mimi nilikuwa mdogo, nilishika kikwembe chake. Kwa kichwa alibeba ile sufuria, na ndani yake unga, chumvi na nguo zetu. «Mambo mengine yote walichukua,» alisema. «Ile njo ilirudi na sisi. Unataka niitupe sababu ya siki ya wazungu?»

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lenye linatosha. Kifungu changu cha kwanza kilisifu sufuria bila kujua hata hadithi yake ya kweli; nilisifu harufu. Tulikubaliana hivi: hakuna tomate tena ndani yake, hakuna ndimu, hakuna maharagi ya masaa matatu. Imetoka kwa moto, inakaa juu ya kabati, na mama anaweka ndani viazi vibichi na vitunguu. Anaisugua bado kila siku ya posho, inang'aa kuliko zamani.

Exetat ya mdogo wangu iko mbele. Sijui atapata ngapi, na sitaki mtu aseme hapa kwamba kokoti inatoa diploma. Kuko mambo mengi yenye yanaangusha mtoto. Ninachosema ni kidogo: masaa yale 432 yalikuwa yake, na sisi tuliyakula na bugali, tukaramba na vidole, halafu mimi nikaandika kifungu kizuri.

Kwa hiyo nawaomba wenye wataandika hapa juu ya chakula cha nyumbani, na muandike sana, tunapenda kusoma: wekeni saa. Andikeni moto uliwashwa saa ngapi, na jina la mwenye aliuwasha. Na kama wewe ni yaya kwa nyumba, leo jioni mbele ya kunawa mikono, toka nje uone kitabu chake kimefunguliwa kwa ukurasa gani. Changu cha siku ile kilikuwa kimebaki kwa ukurasa ule ule toka saa kumi na moja.

Nasema «changu» kwa makosa. Kilikuwa chake.